Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: kutengeneza bomba na umeme wa nyumbani hapa Mwanza

Mimi ni fundi wa majumbani. Maswali haya nimeulizwa mlangoni, ndani ya daladala, na kwenye simu saa sita za usiku maji yakiwa yamefika sebuleni. Mengi yana jibu ambalo mwenye nyumba analiweza kwa mikono yake. Machache hayana, na hayo nitayataja waziwazi.

Kabla sijagusa koki au soketi, nijue nini kwanza?

Jua pa kufungia. Spana na tepu utaazima kwa jirani, lakini valvu ya nyumba yako hakuna atakayekuonyesha maji yakishaanza kuruka.

Tena ujue kwamba nyumba nyingi za Mwanza zina milango miwili ya maji: bomba linalotoka kwenye mita, na tanki lililo juu. Nilipokuwa bado mgeni wa kazi hii, nilifungua koki ya bafuni kwenye nyumba moja ya Nyakato. Nilikuwa nimefunga valvu ya mita nikaridhika. Tanki la lita 1,000 lilikuwa limejaa, nalo lilikuwa na njia yake ya kushuka. Yule mama alipoteza godoro na magunia mawili ya mchele, na sura yake asubuhi ile sijaisahau. Tangu siku hiyo nafunga kote kuwili, nafungua koki ya chini kabisa ndani ya nyumba, na nasubiri hadi tone la mwisho.

Umeme nao ni hivyo hivyo. Ukizima mein swichi umeukata wa TANESCO tu. Kama nyumba ina sola yenye betri na inveta, au jenereta, huo ni mlango wa pili. Zima vyote, kisha gusa na tesita. Na tesita yenyewe ijaribu kwanza kwenye soketi unayojua ina umeme, maana tesita mbovu itakuambia waya umekufa wakati uko hai.

Bondeni maji yanatoka, kwangu mlimani hayatoki. Bomba limeziba?

Mara nyingi halijaziba. Uso wa Ziwa Victoria uko mita zipatazo 1,134 juu ya usawa wa bahari, na nyumba zetu zimepanda mawe juu ya hapo. Maji huvutwa ziwani, yakasafishwa, yakasukumwa kwenye matanki ya milimani, ndipo yakashuka kwetu. Kila mita 10 za kupanda hula presha ya bar 1. Anayekaa bondeni Mabatini na anayekaa juu kabisa kwenye kilima hicho hicho wanaweza kuwa kwenye bomba moja, lakini presha zao ni tofauti kabisa. Watu wa bondeni wakifungua koki wote asubuhi, wa juu anabaki na sauti ya hewa.

Angalia jirani aliye usawa mmoja na wewe. Naye hapati? Basi tatizo si lako, subiri usiku ambapo matumizi hupungua. Anapata? Basi kagua kwako: valvu iliyo baada ya mita, maana zile za gurudumu huvunjika ndani, zikazunguka bila kufungua, halafu chujio dogo lililo mdomoni mwa koki. Maji yakirudi baada ya mgao huja na mchanga na kutu, na chujio ndilo hukaba. Lifungue kwa mkono, ligonge, lisuuze, lirudishe. Dakika tano, bila fundi.

Chochote kilicho kabla ya mita, na mita yenyewe, ni mali ya MWAUWASA, mamlaka ya maji ya Mwanza. Hata ukiona panavuja, usifungue. Toa taarifa.

Tanki niliweke wapi?

Juu, lakini uelewe uzito wake. Lita 1,000 ni tani moja, na lita 2,000 ni tani mbili, kuzidi gari dogo na abiria wake. Nimeona matanki yamekalia mbao nne zilizooza.

Mwanza tuna bahati ambayo miji mingine haina: jiwe. Kama uwanjani una jiwe lililo juu kuliko paa, hilo ndilo kikalio bora. Chonga au mwaga zege juu yake pawe bapa, kwa sababu tanki la plastiki linataka kitako chote kishikwe. Likikalia ncha ya jiwe, litapasuka chini ndani ya muda mfupi, na ufa wa kitako hauzibiki kwa gundi yoyote ninayoijua.

Kimo je? Kila mita moja kutoka kitako cha tanki hadi kichwa cha bomba la kuogea inakupa moja ya kumi ya bar. Chini ya mita mbili utaoga kwa kuombaomba. Mfuniko ufunge kweli, mbu wasizalie humo.

Koki inadondosha hata nikiikaza. Ninunue mpya?

Hapana. Koki ya kuzungusha ina washa, kile kipande cha mpira cheusi kinacholalia kitako cha shaba. Mpira ukichoka maji hupita, na ukizidi kukaza unaumiza kitako. Funga maji (kote kuwili), fungua kichwa cha koki kwa spana, toa washa, nenda nayo dukani upate saizi ile ile. Kabla ya kurudisha, pitisha kidole kwenye kitako. Kama kuna mkwaruzo, washa mpya haitadumu na hapo ndipo ununue koki.

Koki za kunyanyua kwa mkono mmoja hazina washa ya namna hiyo. Ndani yake mna kifaa kimoja kizima ambacho hubadilishwa chote.

Tepu nyeupe izungushe kwa kufuata upande wa kukazia, mizunguko kumi hivi. Ukiizungusha kinyume itakunjuka unapokaza, nawe utadhani umeuziwa tepu mbovu.

Bili ya maji imepanda na sioni panapovuja.

Choo. Mara nyingi sana ni choo. Mpira ulio chini ya tanki la flashi ukilegea, maji hupita kimya usiku na mchana, yakiteleza kwenye bakuli bila sauti. Mimina chai ya rangi nzito ndani ya tanki la flashi, usitumie choo kwa nusu saa, kisha angalia bakuli. Likiwa na rangi, mpira umekwisha. Kabla ya kununua, usafishe, maana saa nyingine ni utelezi tu wa uchafu.

Choo kikiwa kizima, funga koki zote pamoja na valvu inayojaza tanki la juu, soma mita, rudi baada ya nusu saa. Namba ikisogea, bomba linavuja chini ya ardhi. Tembea juu ya njia yake ukitafuta majani yaliyo mabichi wakati wenzao wamekauka.

Na tanki la juu je? Boya likichoka halifungi, na maji humwagika usiku kupitia bomba la ziada upande wa nyuma ambako hakuna anayeangalia. Wakati mwingine kinachohitajika ni kukunja mkono wa boya kidogo tu ushuke, ufunge mapema.

Sinki la jikoni limeziba.

Magamba ya sato. Naomba niliseme hili kwa uzito, kwa sababu naitwa kila wiki. Gamba la samaki haliozi haraka, ni bapa, linalala kwenye kona ya bomba. Mafuta ya kukaangia yanakuja juu yake yakaganda, na la pili linajengea hapo. Samaki aparuliwe nje, juu ya gazeti au kwenye beseni, na mafuta yaliyobaki yasimwagwe kwenye sinki.

Likishaziba: weka ndoo chini ya ile kona ya bomba iliyojikunja chini ya sinki, fungua nati zake mbili kwa mkono, toa uchafu, osha, rudisha. Hiyo inatatua nyingi. Isipotatua, tumia kizibulio cha mpira, ukiwa umeziba kwa kitambaa tundu la juu la sinki, la sivyo presha yote itatokea hapo. Asidi ya betri ya gari usiithubutu. Inaharibu bomba, na mvuke wake unaunguza macho na mapafu.

Bafu la wageni linanuka na ni safi.

Ile kona ya bomba hushika maji ili kuzuia hewa ya karo (shimo la majitaka) isipande. Bafu lisipotumika, maji hukauka. Mwaga jagi moja la maji kila wiki.

Pampu inaunguruma lakini haivuti.

Zima kwanza, kwa sababu pampu hupozwa na maji yanayopita ndani yake. Ikizunguka kavu inaunguza sili. Fungua kizibo cha juu, ijaze maji hadi yafurike, funga, washa. Ikivuta kisha ikapoteza tena, hewa inaingia kwenye bomba la kuvutia, au ile valvu ya chini inayozuia maji yasirudi imekwama.

Kuna jambo la hapa kwetu ambalo wauza pampu hawalisemi. Pampu ya juu ya ardhi haivuti maji kwa nguvu zake. Ni uzito wa hewa unaoyasukuma kupanda. Pwani, hewa inaweza kuyapandisha mita 10 kwa hesabu ya darasani. Mwanza tuko juu, hewa ni nyepesi, na hesabu hiyo hiyo inashuka hadi mita 9 hivi. Kwa kazi halisi usitegemee zaidi ya 6 au 7. Kama kisima chako ni cha mita 8, usibadilishe pampu mara tatu. Nunua ya kuzamisha.

Na pampu isiungwe moja kwa moja kwenye bomba la mamlaka. Unanyonya maji ya majirani, na bomba lenye tundu likinyonywa huvuta tope la nje. Jaza tanki la chini kwanza, pandisha kutoka hapo.

Nakaa ufukweni, navuta maji ziwani mwenyewe. Kuna shida?

Kichocho. Vijidudu vyake hutoka kwenye konokono wa kingoni na hupenya ngozi, kwa hiyo hatari yako ni unapoingia majini kurekebisha mdomo wa bomba, na pia unapoogea maji yaliyotoka kuvutwa muda huo huo. Vijidudu hivyo haviishi zaidi ya siku mbili bila kumpata mtu. Ukiwa na matanki mawili, moja likijazwa na kupumzishwa saa 48 wakati unatumia jingine, hatari inapungua sana. Ya kunywa bado yachemshwe. Na kama umekuwa ukiingia ziwani mara kwa mara, nenda kituo cha afya ukapimwe, dawa ipo.

Nikigusa friji napigwa kidogo. Ni kawaida?

Si kawaida, na naomba usiizoee. Hili ndilo swali linaloninyima usingizi kuliko yote kwenye ukurasa huu.

Ndani ya friji au pasi, umeme kidogo ukivuja kwenye chuma cha nje, unatakiwa ukute waya wa ethi uushushe ardhini. Mwisho wa waya huo ni fimbo ya shaba iliyopigiliwa kwenye udongo. Sasa, mji wetu umekaa juu ya granaiti. Fundi anafika Isamilo au Igogo na fimbo ya zaidi ya mita moja, anapiga nyundo, sentimita 30 jiwe. Wapo wanaoikata fimbo na kuifukia kipande, nyumba ikawashwa, taa zinawaka, kila mtu anafurahi. Ethi ya namna hiyo ni pambo. Utaitambua kwa mchomo unaozidi wakati wa kiangazi udongo ukikauka, ukapungua mvua ikinyesha.

Dawa yake ni kutafuta mfuko wa udongo kati ya mawe, hata kama uko mbali na ukuta, au kuchimba mfereji na kulaza waya mtupu wa shaba kwa urefu, au kupiga fimbo kadhaa mbalimbali zikaunganishwa. Chumvi na mkaa husaidia kwa muda, ila mvua huiondoa chumvi, na kabla haijaondoka inakula shaba. Mwisho ethi ipimwe kwa mita yake, si kwa kukisia.

Juu ya yote, weka ile breka yenye kitufe cha T, inayokatika ikihisi uvujaji wa miliampia 30. Kwa nyumba zilizojengwa juu ya mawe ndiyo mkombozi, kwa kuwa inafanya kazi hata ethi ikiwa dhaifu. Bonyeza T kila baada ya miezi michache. Isipokatika, imekufa.

Mambo mawili nimeyakuta ndani ya soketi na yanaua. La kwanza ni ethi kufungwa kwenye bomba la maji. Mabomba mengi leo ni plastiki, na plastiki haipitishi umeme. La pili ni kuunganisha nyutro (waya wa kurudisha umeme) na ethi kwa kijiwaya ndani ya soketi ili mchomo uishe. Kweli unaisha. Siku nyutro ikikatika njiani, chuma chote cha friji kinakuwa na volti 230.

Breka inakatika kila mara. Niweke kubwa zaidi?

Usiweke. Breka inalinda waya uliomo ukutani. Ukiiongeza, waya ndio utakaokuwa fyuzi, na uko karibu na mbao za dari. Chomoa kila kitu, washa breka, rudisha kimoja kimoja. Kile kinachoikata ndicho kibovu. Ikikatika na hakuna kilichochomekwa, kosa liko ukutani, ita fundi.

Kwa eksitensheni fanya hesabu: ampia 13 mara volti 230 ni wati kama 3,000. Birika la wati 2,000 na pasi ya 1,200 pamoja zimeshapita. Hita ya papo kwa papo ya bafuni, ya wati 5,500, inavuta ampia 24 hivi peke yake. Hiyo inataka waya wake mnene kutoka kwenye mein swichi na breka yake. Usiichukulie kwenye soketi.

Fyuzi ya plagi ikiungua, rudisha ya namba ile ile. Karatasi ya sigara siyo fyuzi.

Ninaweza kubadilisha swichi au soketi mwenyewe?

Unaweza, ukishazima na kupima. Piga picha ya nyaya kabla ya kulegeza. Nyumba za zamani zina nyekundu kwa waya wa moto na nyeusi kwa nyutro. Za sasa zina kahawia na bluu. Ethi ni kijani, au kijani na njano. Lakini rangi ni ahadi ya fundi aliyepita, kwa hiyo pima hata hivyo. Kaza skrubu, uvute kila waya kuhakikisha umeshika. Waya uliolegea hupata moto, na ndio unaofanya soketi kuwa ya kahawia upande mmoja.

Taa za nje zina adui wa hapa kwetu: wale wadudu wa ziwani wanaokuja kama moshi. Hujaa ndani ya kifuniko, wakakauka, taa ikapata joto na kufifia. Zima, fungua, futa, badilisha mpira wa kifuniko.

Radi zikianza?

Chomoa mapema, televisheni pamoja na waya wa antena. Kuzima swichi peke yake hakutoshi. Usiwe juu ya paa wala kwenye tanki, na acha kazi ya bomba za chuma hadi nusu saa ipite tangu ngurumo ya mwisho.

Hyumidifaya ya mtoto haitoi mvuke.

Hizi mashine za kuongeza unyevu nimeanza kuzikuta majumbani, nyingi zimeletwa na ndugu walio nje. Ndani mna kisahani kinachotetemeka kwa kasi na kuyageuza maji kuwa ukungu. Kikipakwa utando, ukungu unakoma. Chomoa, mimina siki nyeupe na maji nusu kwa nusu, acha nusu saa, sugua kwa mswaki laini, suuza. Usikwaruze kwa kisu, na kitako chenye injini kisizamishwe majini.

Maji ya ziwa ni laini, hayana chokaa nyingi. Ya kisima kirefu mara nyingi ndiyo huacha unga mweupe juu ya meza. Kuchemsha kunaua vijidudu lakini hakuondoi chokaa yote. Maji ya jana yamwagwe kila siku, la sivyo mashine itampulizia mtoto ukungu wenye bakteria.

Kwa maoni yangu, nyumba nyingi za Mwanza hazihitaji kifaa hiki. Labda Juni hadi Agosti, hewa ikikauka. Dirisha likitoka jasho au ukuta ukiota madoa meusi, izime. Mtoto mwenye pumu, muulize daktari kabla ya kuiwasha.

Kazi gani nisiguse kabisa?

Mita ya LUKU na lakiri zake, waya unaotoka kwenye nguzo, na chochote ndani ya mein swichi upande wa kuingilia, maana huo una umeme hata ukizima. Waya mpya ukutani ufanywe na fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji. Usishuke kwenye karo, hata kwa dakika moja kuokota ndoo; hewa ya humo inazimisha mtu kabla hajapiga kelele, na anayemfuata naye hubaki humo.

Ukimkuta mtu ameshikwa na umeme, usimguse. Zima mein swichi, au umsukume kwa mti mkavu, kisha hospitali, hata akisema yuko salama.

Niwe na vifaa gani ndani?

Tesita, bisibisi mbili, spana ya kurekebika, spana kubwa ya bomba, tepu nyeupe, washa za saizi mbili, fyuzi za ampia 3 na 13, tochi, kizibulio. Na kalamu ya wino mzito usiofutika. Jumamosi moja, zungukia nyumba pamoja na watoto. Funga valvu moja moja na zima breka moja moja, mwone kipi kimekatika wapi, kisha andika hapo hapo: JIKONI, BAFU, TANKI, MITA.